Mpaka Mkia Uguse

Wapakizi wa Garsen wananichukia, na wana haki. Nasimamisha pikapu hatua tano kutoka mlango wa ghala, nazima injini, na wakinitukana wakachoka, sirudi nyuma ng'o. Zamani sikuwa hivyo. Huku kwetu dereva anajulikana kwa rivasi: unarudi polepole mpaka mkia wa gari uguse ukuta, mzigo uhame bila mtu kukanyaga matope. Ukiacha nafasi, unaambiwa leseni ulinunua.

Mwaka ule wa mafuriko nilikuwa naendesha pikapu ya kiwanja cha ndege. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ng'ombe, maana kiwanja ndiyo nchi kavu iliyobaki, kisha kusomba mizigo ya msaada. Barabara ilikuwa imekatika pande zote. Nyoka nao walikimbia maji wakaingia majumbani, na mmoja akamuuma dada yangu mguuni kule Kulesa.

Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Tulimleta kwa mtumbwi, mguu umevimba hadi pajani, na zahanatini dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa imeisha. Rubani wa ndege iliyoleta unga akakubali kumpeleka hospitali kubwa. Jamani, nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi!

Nikamlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu. Wanaume wawili wakataka kumbeba hadi mlango wa ndege. Akakataa katakata.

"Mimi mtu mzima nibebwe kama gunia, leso initoke mbele za watu? Nisogeze karibu, mdogo wangu."

Nikamsogeza. Mtu asiniambie haraka haina baraka, nitamtukana. Sikuwa na haraka hata chembe. Alijiinua kwa kiwiko akawa ananielekeza mwenyewe: "Rudi. Bado. Rudi kidogo." Nilimsikiliza yeye na kuutazama ule mlango tu. Lile bawa dogo la mkiani mwa ndege halikunipitia akilini kabisa. Pikapu ikagusa. Ko! Basi.

"Ehe, hapo hapo," akasema dada.

Rubani akaja, akapapasa palipobonyea. Padogo, kama kisahani cha chai. Akatikisa kichwa. Nikamwambia nina nyundo, nitapanyoosha sasa hivi. Mjinga mimi! Akanieleza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi: mkia ukikatika angani tunakufa sote. Akaita ndege nyingine kwa redio. Ingefika kesho yake asubuhi.

Nilitaka kumpiga. Lakini yeye kosa lake nini? Aliyegusa ni mimi, na hakuna mwingine wa kumtupia, hata nikitafuta mpaka nife.

Nikaenda kuketi kando ya godoro, nikimkinga jua kwa shati langu. Ndege ilikuwa pale pale, mlango wazi, karibu hivi kwamba ningeweza kuushika. Dada akauliza mbona hatupandi. Nikamdanganya kwamba injini inapozwa kwanza.

"Lakini nimekuelekeza vizuri?"

"Vizuri sana, dada."

Akafurahi, akafumba macho. Alasiri akakata roho. Jioni nilirudi kuhesabu hatua ambazo wale wanaume wangembeba kutoka pale niliposimama kwanza. Zilikuwa tano.