Taa Iliyogoma Kila Jioni

Kompyuta ile nilisafiri nayo kwa treni kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, nimeifunga kwa kanga mbili, nikigombana na kila abiria aliyetaka kuifanya kiti. Kufika nyumbani Rusimbi sikuwa na hamu hata ya kusalimiana na watu. Mama aliitazama ikiingizwa chumbani kwake, akauliza, "Sasa hili likikaa hapa, mimi nitakaa wapi?"

Mama alikuwa ameanguka. Tangu apate kiharusi miguu yake ilikuwa mizito, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Jioni moja akaanguka humo chumbani, akabaki sakafuni mpaka majirani wakamsikia. Ndivyo alivyoniambia kwenye simu: majirani, basi, bila kusema ni nani. Swichi ya taa fundi aliiweka mlangoni, kitanda kiko ukuta wa pili, kwa hiyo mengine nikajijazia mwenyewe. Nikamwona yuko gizani anapapasa, anaitafuta swichi. Picha hiyo ilininyima usingizi.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na ndiye mtoto wake pekee. Mzungu mmoja wa shirika la wakimbizi, aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, alikuwa amenigawia boksi la vidude ambavyo hakuwa na haja navyo tena. Kimoja unakichomeka kwenye soketi ya ukutani na kukiunganisha na kompyuta kwa waya. Vingine unavichomeka kokote nyumbani, kila kimoja na taa yake. Ukibonyeza kitufe kwenye kibodi, kompyuta inatuma amri ndani ya nyaya zilezile za umeme zilizomo ukutani, na taa inawaka. Hakuna kuvunja ukuta, hakuna kuvuta waya mpya. Nilitaka Mama abonyeze kitufe kimoja akiwa kitandani, taa ya chumbani, ya ukumbini na ya njia ya chooni ziwake zote pamoja.

"Si umwite fundi anisogezee swichi tu?" alisema Mama.

"Swichi moja haitawasha taa tatu, Mama."

"Mimi nina macho mawili. Taa tatu za nini?"

Nilimpa masharti, na sikumung'unya maneno. Taa zikikubali, anabaki kwake. Zikigoma, likizo yangu ikiisha ninaondoka naye kwenda Dar, nyumba tunaifunga. Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua pindo la kanga yake. Yule mama amezaliwa Kigoma, amezika mume Kigoma, na chumba changu cha kupanga Dar aliwahi kulala siku chache tu akasema kinanuka rangi na hakuna samaki wa migebuka.

Nikaiweka kompyuta kando ya kitanda, nikaanza kazi. Umeme wa Kigoma wakati ule ulitoka kwenye mashine za dizeli za mjini, leo unapanda, kesho unashuka, na mimi kwa kujiona mjanja nikachomeka kila kitu kwenye stabilaiza, lile boksi la kutuliza umeme. Taa kimya. Nikabadilisha waya, taa kimya. Nikafuta programu, nikaiweka upya, taa kimya. Nilimtukana yule mzungu, nikawatukana waliotengeneza, nikaitukana na stabilaiza yenyewe, na huyo wa mwisho kumbe ndiye mwenye makosa. Ilikuwa inameza amri zote zisifike ukutani. Nilipokichomeka kile kidude moja kwa moja kwenye soketi, taa zote tatu zikawaka.

"Mchana wote huu," alisema Mama, "unawasha taa."

Nikakipaka kile kitufe rangi ya kucha nyekundu ili asikipoteze, nikamfundisha kubonyeza, akabonyeza, zikawaka, akabonyeza, zikazima. Nilikula ugali siku hiyo na raha yangu. Jua likazama upande wa Kongo, giza likaingia, nikamwambia haya, Mama, bonyeza. Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Nikamwondoa mkono nikabonyeza mwenyewe, nikabonyeza kwa ngumi. Wapi.

Kesho yake mchana zikawaka vizuri. Jioni zikagoma. Keshokutwa vilevile. Yaani kidude kinachokuwa kizima saa ambayo hakina kazi, na saa ya kazi kinakufa. Nilipanda darini, nikafungua soketi zote, nikakaza kila skrubu, nikatoka na buibui kichwani, na Mama amekaa kitandani na redio yake ya betri anasikiliza taarifa ya habari, anajitia hamnazo kabisa. Kichwa kilikuwa kinaniwaka moto. Nilikuwa ninapigania abaki kwake, na yeye hata hanitazami.

Redio nayo ilikuwa inanimaliza. Kila jioni ilikuwa inakwaruza: krrr, inanyamaza, krrr krrr, inanyamaza.

"Redio yako ina nini?"

"Ni mashine za umeme," alisema. "Zimezeeka." Akaongeza sauti.

Jioni iliyofuata nilikuwa nimeshaanza kufungasha nguo zake. Sanduku liko wazi kitandani, yeye kaligeuzia mgongo. Nikabonyeza kile kitufe bila matumaini, kwa hasira tu, na taa zikawaka. Nikaruka. Nikabonyeza tena, redio ikafanya krrr, hakuna kitu. Ikanyamaza, nikabonyeza, zikazima. Hapo ndipo akili ilinirudi. Mashine za dizeli za mji mzima haziwaki na kuzima namna hiyo. Kuna kitu kilikuwa kinapiga kelele kwenye nyaya zetu wenyewe na kuzifunika amri za kompyuta.

"Nipe redio."

"Nasikiliza."

"Mama, nipe redio."

Nilimnyang'anya. Sipendi kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikazunguka nayo nyumba nzima nimeibana na ukuta, na jiko la uani ndiko ilikopiga kelele kuliko kote. Nikasogeza magunia ya mkaa. Nyuma yake palikuwa na soketi ambayo sikuijua, na kwenye soketi kuna plagi, na kutoka kwenye plagi waya mweusi umepita tundu la ukutani, ukafunikwa udongo, ukaingia chini ya ua wa matete kwenda kwenye kibanda cha nyuma. Nikaichomoa. Redio ikatulia, msomaji wa habari akasikika kama yuko pale jikoni.

Nilirudi chumbani mbio, nikabonyeza, na taa zote tatu zikawaka. Jioni. Nikapiga vigelegele peke yangu. "Hubebwi popote, Mama! Unabaki!"

Mama hakucheka. "Rudisha ule waya," alisema.

"Waya wa nani?"

"Nimesema rudisha."

Kabla sijamjibu mlango wa uani ukasukumwa, akaingia mwanamke wa rika langu, utepe wa kupimia shingoni, uzi umenata kwenye blauzi, anahema. Hakuniona. "Amahoro, uko salama, mama? Umeanguka tena?" Umeme wake ulikuwa umekatika, na kwetu taa zinawaka hadi njia ya chooni, akajua kuna baya. Ndipo aliponiona mimi nimesimama pembeni ya kompyuta, akasimama pale pale, mkono mdomoni.

Mama akamwita kwa Kiha, naye akajibu kwa Kirundi, kama wanavyoelewana watu wa huku. Akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yake. Kisha Mama akanigeukia mimi, na maneno yakamtoka.

Mwanamke yule alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi bila kibali. Magari ya msako yalikuwa yanapita mitaani miaka ile, anayekamatwa anarudishwa, kwa hiyo mchana alikaa ndani, na jioni, watu wakishaingia majumbani, ndipo anashona. Cherehani yake ilivuka ziwa pamoja naye kutoka kwao. Hapa mjini akaifungia mota, ndiyo ile krrr ya redioni, na umeme akapewa na Mama. Kwa malipo gani, niliuliza. Mama akanihesabia. Kila jioni kabla ya kushona mwanamke yule alikuwa anaingia kwa mlango ule, anapika chai, anamsindikiza chooni, anamlaza. Niliposhuka kwenye treni, Mama alikuwa ameshamwambia asitie mguu mpaka niondoke.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu wewe huna kifua," alisema. "Unaongea mpaka na abiria wa treni. Na huyu akichukuliwa, mimi nabaki na nani?"

Niliumia, na niliumia zaidi kwa sababu ni kweli. Lakini bado sikutaka kushindwa. Nikamwambia sasa taa zinafanya kazi, na huyu dada tunaweza kumtafutia umeme kwingine, na kuanguka kule gizani kusingetokea kama—

"Gizani?" alisema Mama. "Nani kakwambia gizani? Taa nilikuwa nimeshawasha. Nilikuwa narudi kitandani. Nimelala pale chini," akaonyesha sakafu mbele ya miguu yangu, "naitazama inawaka, mpaka huyu akaja."

Yule dada alikuwa anatazama chini. Kompyuta ilikuwa inanguruma, na kile kitufe chekundu kinang'aa.

Nilikwenda jikoni nikachomeka waya, nikarudisha udongo juu yake, nikarudisha na magunia ya mkaa. Niliporudi, dada alikuwa ameshamaliza kumlaza Mama na amerudi kwake. Nikaanza kutoa nguo kwenye sanduku, moja moja, na kuziweka kabatini.

Redio ikaanza tena. Krrr. Ikanyamaza. Krrr krrr. Mama akanyoosha mkono kwenye kile kizungushio cha sauti. Nilidhani ataongeza kama siku zote, lakini akapunguza, akapunguza tena mpaka msomaji wa habari akawa hasikiki na ukabaki ule mkwaruzo tu, kisha akafumba macho.