Mbuzi Mwenye Rula

Harufu ya majivu makavu hunirudisha Msalato, kwenye kopo la maziwa ya unga ambamo Bibi alihifadhi matunguu ya ua lake. Juzi nilifungua kopo langu mwenyewe, nikachovya vidole kutafuta tunguu la kwanza, na kabla sijaligusa nilikuwa nimesharudi kwenye umri wa miaka tisa.

Bibi alilichimba kwenye miamba ya kwao Kolo, akaliita ua la mwambani. Baadaye nilijifunza kwa simu, picha baada ya picha, kwamba ni la ukoo wa airisi: majani marefu kama visu, bua moja, na maua mekundu yenye koo la njano. Kulipanda si kazi ya kuogopa. Linataka udongo wa changarawe, kina cha vidole vinne, bila samadi. Unalifukia kabla ya mvua za Desemba, na humwagii hata kikombe cha maji. Mvua italiamsha yenyewe. Majani yakishakauka kabisa unachimba, unayalaza matunguu kwenye majivu mpaka msimu ujao.

Nimesema kabisa, na hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka ule Bibi alikuwa ametoka hospitali Mvumi na dawa ya matone. Ilikuwa presha ya macho, na aliambiwa kilichokwisha kupotea hakirudi. "Nyekundu bado naiona," alinieleza. "Namwomba Mungu anibakizie ua la mwakani tu."

Mimi nilikuwa mtoto wa kufagia. Mistari ya ufagio wangu ilinyooka, na kuku akikatiza nilianza upya. Maua yalipokwisha, majani yalilala, ncha zikawa njano, na yakaniaibisha. Siku walipokuja wageni wa posa ya shangazi, nilichukua mkasi na rula ya shule, nikayakata yote kwa kimo kimoja. Huku chini yalikuwa bado kijani.

Wageni walipoondoka, Bibi alipapasa pale, akasimama.

"Nani kakata?"

"Mbuzi wa jirani, Bibi."

Alipitisha kidole gumba juu ya vishina, kimoja kimoja, bila haraka.

"Mke mwenzangu," alisema, "mbuzi huyu ana rula."

Shangazi aliangua kicheko jikoni. "Huenda anasoma darasa moja na huyo mke mwenzio, Mama."

"Tena anashika namba moja," Bibi akajibu.

Hakunichapa. Alinikalisha karibu, akaniambia kwamba jani la kijani ndilo linalolisha tunguu, hata likiwa limelala vibaya. Nilichokata kilikuwa chakula cha mwakani.

Mvua zilizofuata zilileta majani matupu. Kila asubuhi nilipiga magoti kabla ya shule, nikayatenganisha nikitafuta bua. "Limetoa?" Bibi aliuliza kutoka ndani. "Bado, Bibi." Tuliulizana na kujibizana hivyo mpaka mvua zikakatika. Safari hii niliyaacha majani yakalala, yakageuka rangi ya udongo, nami nikafagia kuyazunguka huku mkono ukiniwasha.

Mwaka uliofuata yalichanua maua matatu. Nilimshika Bibi mkono, nikamkalisha kwenye kigoda. Alitabasamu.

"Jekundu kweli," alisema. "Ahsante, mke mwenzangu. Nimeliona."

Nilikwenda shule nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa ndoo kichwani.

Nina tabia ambayo sijaweza kuiacha: hukagua kila kitu mara tatu, barua, funguo, hata kumbukumbu. Nilikuwa nimeshapita miaka ishirini, napanda matunguu yangu, nilipoikagua asubuhi ile na kuweka kila kitu mahali pake. Ua lilikuwa kushoto, kando ya pipa la maji. Bibi alikuwa kwenye kigoda. Na uso wake, wenye tabasamu, ulikuwa umeelekea kulia, kwenye ukuta mtupu wa matofali.

Kila mmoja wetu alimdanganya mwenzake mara moja kuhusu ua lile. Uongo wangu aliugundua kwa kidole gumba. Wa kwake ulikaa mbele ya macho yangu mazima, mimi niliyeweza kuona unyayo wa kuku uwanjani, na sikuuona.