Panya wa Shemeji

Niliweke sawa hili: shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hafugi nyoka wa kutafutia utajiri kama mnavyonong'ona mtaani. Anafuga chatu mmoja kwa mapenzi yake, na panya weupe wa kumlisha, katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu. Zamani alinunua panya dukani. Wakaja na utitiri, chatu akaugua. Tangu hapo anawazalisha mwenyewe. Kabla ya kugusa vichanga husugua viganja kwa maranda ya mbao yaliyotandikwa kizimbani mwao, mama yao asije akanusa harufu ngeni akawala.

Juzi shangazi wa kijana anayemposa binti yangu alikuja kuhakikisha uvumi huo. "Haya, baba mdogo, nionyeshe hayo majini yako," alisema kwa sauti kubwa mlangoni.

"Taratibu, shangazi, wana siku tatu tu. Sugua mikono kwanza."

Akasugua, pete na vyote, akakitazama kichanga chekundu kiganjani mwake. "Na huwahurumii?"

Ilikuwa siku ya kulisha. Shemeji alimtoa panya mmoja mkubwa, akafunika kizimba kwa shati kuukuu ili wenzake wasione, kama afanyavyo siku zote, ndipo akampeleka kwa chatu. Shati lile lilikuwa la mume wangu. Nilimpa shemeji kwa mkono wangu.

Shangazi aliondoka na maranda kwenye pete. Jibu la posa alilopeleka kwao ni la nyumba mbili, yao na yetu, si la mtaa. Sisemi zaidi.