Kibanda cha Polisi Namba Ishirini na Mbili

Jumanne moja ya mwezi wa tatu nilifungua mlango nitoe chupa tupu za maziwa, nikamwona mwanamume mzima amelala kifudifudi upande wa pili wa barabara. Shavu limegusa lami, mkononi kijiko cha chai, anagonga chini.

Nikadhani kapata kiharusi. Nikavuka na kandambili zangu.

"Baba, umeumia?"

"Hapana, mama. Nasikiliza zege."

Anasikiliza zege. Miaka yangu sabini na minane hapa Thornley Bridge nimeona walevi wa kila namna, ila huyu alikuwa mzima kabisa, kanyoa ndevu, kavaa koti la mvua la bei.

Akainuka, akajipangusa magoti, akanipa kadi. Clive Tordoff, mwenyekiti wa chama cha kutafuta vibanda vya zamani vya polisi.

Nilipoliona hilo jina la ukoo nikamrudishia kadi yake kwa ncha za vidole, kama imepakwa mavi ya kuku.

Mjukuu wa mchinjaji.

Ngoja niwaeleze kwa nini.

Zamani, kabla polisi hawajaanza kutembea na redio, mitaa yetu ilikuwa na vibanda. Vya mbao, rangi ya buluu, mlango mwembamba. Ndani kuna simu, kigoda na hita ndogo ya kukaushia soksi. Juu ya paa kuna taa. Kituo kikimtaka konstebo, ile taa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mpaka afike apige simu. Asipofika, kazi yake iko hatarini.

Baba yangu alikuwa Konstebo Wilfred Ackroyd. Kibanda chake kilikuwa namba ishirini na mbili.

Alhamisi moja ya mwaka 1954, saa kumi alasiri, kiwanda cha sufu kilishika moto. Taa ya kibanda ikawaka na kuzima dakika ishirini na tano. Baba hakupiga simu. Mlinzi wa kiwanda aliungua mkono, na mkono ule hakuutumia tena.

Kesho yake mtu akapeleka barua kituoni. Baba akavuliwa sare. Alimalizia maisha yake akifagia gereji ya mabasi, na mpaka anakufa alisema alikuwa pale pale kibandani na taa haikuwaka.

"Ni Tordoff," mama alituambia jioni ile, huku anakata mkate. "Aliiona taa akiwa dukani kwake, akaandika."

Basi, ikawa hivyo. Mama akawaambia majirani, na nusu ya mtaa ikamhama yule mchinjaji. Sisi tulikuwa tunatembea maili nzima kufuata nyama ya mtu mwingine. Tukimkuta Tordoff mlangoni na aproni yake, tunatema mate. Nilikuwa na miaka saba, na nilitema kuliko wote.

Duka lilifungwa mwaka 1961.

Sasa mjukuu wake alikuwa mbele ya lile lile duka, ambalo siku hizi ni la kupaka rangi kucha, ananiambia amefika kuweka kibao cha historia.

"Mimi ni Beryl, binti wa Konstebo Ackroyd. Kitasema nini?" nikamuuliza.

Akanipa karatasi. Nikaisoma taratibu.

*Hapa kilisimama kibanda namba 22. Siku ya moto wa kiwanda cha sufu, mwaka 1954, taa yake iliwaka dakika ishirini na tano bila konstebo wa zamu kuonekana.*

"Jina la baba yako sijaliweka," akasema.

"Mtaa mzima unajua konstebo wa zamu alikuwa nani. Futa huo mstari wa mwisho."

"Umo kwenye kumbukumbu, Bi Beryl."

"Na kibanda chenyewe hakikuwa hapa."

Akatabasamu. Lile tabasamu la kumwonea bibi huruma.

"Ninayo orodha ya polisi ya mwaka 1958. Nimevitafuta vibanda mia moja na kumi na vinne. Kimoja nilikikuta shambani, kinalala mbuzi."

"Hongera zake huyo mbuzi. Ila hiki umekikosa."

"Una ushahidi gani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea baba chakula. Sahani mbili zimefunikana, nimezifunga kwa kitambaa. Na nilikuwa nimekatazwa kuvuka barabara."

Kijiko kikatulia mkononi mwake.

"Kibanda kilikuwa upande wetu," nikaendelea, "kwenye kile kichochoro kati ya nyumba yetu na kanisa. Walikihamishia huku mwaka uliofuata, walipopanua barabara. Orodha yako ni ya baadaye, bwana mwenyekiti."

Vibanda mia moja na kumi na vinne, mafaili mgongoni kama punda, na hakuwahi kubisha hodi kwa mtu aliyekuwepo. Nilirudi ndani nikajichekea peke yangu.

Jumamosi akaja na wenzake wawili, makoti yao yamefanana. Mmoja kazi yake ilikuwa kushika ncha ya futi. Mwingine alikuwa anaandika kila alichosema yule wa kwanza. Wakafyeka upupu kichochoroni, wakachimba. Nikatoa kiti changu nje nikaketi na chai, maana burudani kama hiyo haiji kila wiki.

Nusu mita chini wakapata zege la mraba la msingi wa kibanda, nati nne zenye kutu, na bomba la madini ya risasi lililopitisha waya wa simu.

Yule mshika futi akatoa leso akafuta macho. Machozi, jamani, kwa nati nne.

"Ulikuwa sahihi," Clive akaniambia.

"Hilo nalijua. Sasa nifuate."

Nikamvusha barabara mpaka kwenye duka la kucha. Binti wa humo akatuangalia, sikumjali. Nikamsimamisha Clive pale dirishani.

"Hapa ndipo lilipokuwa gogo la kukatia nyama. Babu yako alikuwa anasimama hapa. Unaona nini?"

"Ukumbi wa mbele wa kanisa."

"Na kichochoro?"

"Sikioni. Ukumbi umekiziba."

"Na ukumbi huo umekuwepo tangu kabla sijazaliwa."

Tukaomba kupanda ghorofani, alikokuwa anaishi babu yake. Huko nako ni paa la ukumbi tu. Tukashuka.

Zaidi ya miaka sabini nilikuwa naisubiri siku ile.

"Basi babu yako aliandika kitu ambacho hakukiona," nikamwambia, polepole, ili kila neno limwingie. "Alikuwa mwongo. Na baba yangu alisema kweli. Sasa nenda kafute ule mstari."

Nilitegemea abishe. Nilikuwa na majibu yangu tayari, makali.

Hakubisha. Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi ndani ya nailoni.

"Hii ni nakala ya barua yenyewe. Ninayo mwaka wa sita sasa. Haina jina."

"Mwoga yeyote haweki jina."

"Bi Beryl, mimi sikuanza kutafuta vibanda kwa kupenda mbao. Babu alituapia hakuandika. Hakuna aliyemwamini, hata baba yangu mzazi. Mwandiko si wake, lakini watu walisema kaandikiwa na mtu. Nikasema nikijua taa ilikuwa wapi hasa, nitajua nani aliweza kuiona. Wewe ndiye umenionyesha leo."

Nikavaa miwani.

*Kwa dirisha langu la juu nimeiona taa ya kibanda ikiwaka tangu saa kumi na dakika kumi. Konstebo wenu hakuwa mbali. Alikuwa kanisani, kama kila Alhamisi, na wala hakuwa anasali. Mwulizeni mwanamke anayefagia humo.*

Nikaisoma mara ya pili.

Dirisha la juu linalotazama kile kichochoro ni moja tu. Liko chumbani kwangu. Ndani ya chumba hicho nimelala miaka arobaini, na kabla yangu walilala baba na mama.

Na mwandiko ule. Herufi zimelalia kushoto, kila mwisho wa sentensi nukta imekandamizwa mpaka karibu kutoboa karatasi. Kwenye makopo yangu ya jamu jikoni bado zipo lebo mbili za mwandiko huo huo.

"Unaufahamu?" Clive akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Uzee, macho, miwani ya zamani. Angeamini, na baba angebaki msafi, na mama pia.

Nyuma yetu binti wa kucha alikuwa anapiga tupa taratibu.

"Ni wa mama yangu," nikasema.

Clive akaketi kwenye kiti cha wateja. Yule binti akamuuliza kama anataka mikono au miguu.

"Ngojea kidogo, mwanangu," nikamwambia.

"Kwa nini amsingizie babu?" Clive akauliza.

"Sijui. Labda kwa sababu kila akifungua mlango, wa kwanza kumwona alikuwa babu yako. Na jinsi alivyokuwa anakata mkate jioni ile, ungedhani hajafanya lolote."

Nikaketi kiti cha pembeni yake. Niliwaza mwanamume aliyekuwa hatua sita kutoka kwenye taa yake, anapapasa mwanamke kati ya viti vya kanisa, huku mlinzi wa kiwanda anaungua mkono. Niliwaza mwanamke aliyemshitaki mumewe, kisha akamtupia lawama mwenye kisu na aproni, akatufundisha watoto kumtemea mate. Nilitafuta mtu wa kumheshimu katika nyumba ile nikamkosa. Nilijitazama na mimi niliyetema kuliko wote, nikaona si mimi pia.

"Ule mstari nitaufuta ukitaka," Clive akasema. "Kibao ni chetu, tunaandika tunavyoona."

Huyo ndiye niliyekuwa namcheka, na kijiko chake.

"Usifute hata nukta," nikamwambia. "Ongeza mmoja. *Taa hii haikuweza kuonekana kutoka duka la mchinjaji Tordoff.*"

"Watu hawataelewa."

"Wazee watatu waliobaki wataelewa. Na kibao kiweke kichochoroni kwangu, mahali pake."

Kilizinduliwa Jumamosi baada ya Pasaka. Tulikuwa watu kumi na moja, pamoja na wale wawili wa makoti. Norma Sugden, jirani yetu wa tangu zamani, mwenye miaka tisini na mmoja, alisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mbele. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Kumbe asingeweza kuona," akasema.

"Asingeweza," nikasema.

"Na sisi tulivyomfanyia mtu yule." Akageuza shingo. "Sasa aliandika nani, Beryl?"

Watu wote kumi wakanitazama. Clive akaanza kukohoa, kunipa nafasi ya kukwepa.

"Mama yangu, Norma. Dirisha ni lile pale juu."

Wakainua macho, wakalitazama pazia langu.

Nawaachieni hili. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mnamchukia tangu mlipokuwa watoto, ulizeni nani aliwaambia mumchukie, na siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa amesimama dirisha gani.