Bi Pamba na Maji Yenye Jiwe

Bi Pamba alikuwa mweusi wa kung'aa, na jina lile hakupewa kwa ajili ya rangi yake. Alipewa na wateja. Nguo nyeupe ikipita mikononi mwake ilirudi nyeupe pe, kama pamba iliyopasuka jana, na kwa kuwa watu ni wavivu wa maneno, sifa ya shati ikahamia kwa aliyelifua. Udobi aliuanza akiwa msichana. Alifua mashati ya makarani, mashuka ya nyumba za wageni na magauni ya maharusi, na kwa sabuni hiyohiyo, alipofiwa na mumewe, akamsomesha mwanawe wa pekee mpaka akawa mtu wa tai.

Mtu wa tai akapata nyumba pembezoni mwa mji, kwenye mtaa mpya wenye nyumba zilizofanana kama mabeseni ya duka moja, kila moja na geti lake na kamba yake ya kuanikia. Akaenda kumchukua mama yake. "Umefua vya kutosha, mama," akamwambia. "Sasa kaa." Maneno mazuri hayo, ila kumwambia dobi akae ni kumwambia kuku aache kuchakura. Hata sanduku lake halijafunguliwa, Bi Pamba alikwishauliza kapu la nguo chafu liko wapi.

Mke wa mwanawe alikuwa nesi, na sare zake zilikuwa nyeupe. Alipoambiwa aziache, alicheka kwa furaha. "Nitakataaje, mama? Wenzangu wanahangaika kutafuta dobi, mimi nimeolewa kwake."

Basi Bi Pamba akafungua bomba. Maji yalitoka maangavu, ungeweza kuona kila mkwaruzo chini ya beseni. Akaloweka, akapaka sabuni, akaanza kufikicha. Povu la kweli, ndivyo alivyowafundisha wasichana wake wa kazi, husikika kabla ya kuonekana. Siku ile beseni lilikaa kimya kabisa. Badala ya povu kulielea kitu cha kijivu, mfano wa maziwa yaliyokatika, kikamgandia kwenye vidole.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo dobi peke yake angelifanya. Maisha yake yote nguo ilipokuwa mbishi, aliiongezea sabuni, na uchafu ukatii. Akaongeza. Kile kitu kikazidi, kikaingia ndani ya nyuzi na kutulia humo kama mwenye nyumba. Sare zilikauka zikiwa ngumu, zimesimama kambani utadhani kuna mtu ndani, na rangi yake ilikuwa ya maji ya kuoshea vyombo.

Nyumba nayo ilikuwa na vituko vyake. Chai ilikuja na magamba meupe, mwanawe akawa anatania kwamba chai ya hapa inatafunwa. Glasi zilikauka na madoa. Bomba la mvua bafuni liliziba matundu, likawa linatema maji pembeni na kulowesha taulo huku mwenye kuoga akibaki na sabuni machoni. Mwana alilaumu birika la bei rahisi. Mkwe alilaumu sabuni za siku hizi. Bi Pamba hakulaumu kitu, aliitazama mikono yake.

Ilikuwa imepinda vidole, na asubuhi ilikuwa mizito kufunguka. Imekwisha, alijisemea. Na akaogopa. Kifo hakikumtisha, alikwishakizoea kwa kuzika wengi. Aliogopa kukaa katika nyumba ya mwanawe kama kochi, apigwe vumbi na kusogezwa wageni wakija.

Asubuhi moja alifungua kabati aweke mashuka, akakuta sare mbili nyeupe pe. Moyo ulimruka. Kisha akauona mkunjo. Kila dobi ana mkunjo wake kama kila mtu alivyo na mwendo wake, na Bi Pamba huficha mikono ya nguo mgongoni. Hizi zilikunjiwa mikono kifuani. Akaelewa papo hapo kwamba mkwe wake alikuwa akizibeba sare kimyakimya kwenye mfuko, anazipeleka kwa dobi mwingine karibu na hospitali, anazirudisha na kuzipanga kana kwamba hakuna lililotokea. Kikulacho ki nguoni mwako, Bi Pamba aliwaza kwa hasira, halafu akajionea haya, maana alijua ule ulikuwa wema. Mtoto wa watu hakutaka kumvunja moyo. Wema ule ulimchoma kuliko tusi.

Aliazimia tu kwamba mwisho wa mwezi angemwomba mwanawe ampeleke kwa dada yake, akae huko wazeeke pamoja, awaachie vijana nyumba yao.

Kabla hajafungua kinywa, hita ya bafuni ikafa. Ilikuwa imenguruma majuma kadhaa kama tumbo lenye njaa, kisha ikanyamaza. Akaitwa fundi bomba, kijana mwembamba mwenye maneno mengi, na kwa kuwa wenye nyumba walikuwa kazini, Bi Pamba ndiye aliyemshikia ndoo.

Fundi alimwaga maji, akalegeza nati, akavuta waya wa moto ulio ndani ya tangi. Haukutoka. Akavuta tena, akaweka mguu ukutani, na kile kilichokuja mkononi mwake hakikuwa waya. Kilikuwa jiwe. Jiwe refu, jeupe lenye ukahawia, nene kama mkono wa mtu mzima, limeumeza waya wote. Kisha akaingiza mkono tangini, akaanza kuchota vipande na kuvitupa ndooni, mpaka ndoo ikamlemea Bi Pamba akaiweka chini.

"Nani aliyatia mawe humu?" akauliza.

"Hakuna aliyeyatia, bibi. Yamekuja na maji."

"Maji gani?"

"Haya haya unayokunywa. Ya huku yanatoka chini sana, yanapita kwenye miamba ya chokaa, na kila yanapopita yanailamba. Ukiyatazama huoni kitu. Yakichemka ndipo jiwe linaachia na kugandamana. Ndiyo maana birika lenu lina magamba. Hata sabuni ikikutana nalo haifui, inakatika tu."

Bi Pamba aliokota kipande akakigeuza. Kilikuwa na tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama karatasi, na akatambua kwamba kila tabaka lilikuwa watu wakioga: mwanawe akiwahi kazini, mkwe akitoka zamu, yeye mwenyewe. Haba na haba, mpaka mwamba umejijenga upya ndani ya bafu. Akaenda jikoni, akajaza glasi, akaiinua dirishani. Aliliona geti la jirani kupitia kwenye maji, safi, bila hata kivuli. Mlima mzima ulikuwa umo humo na jicho halikuona kitu. Miaka yote hiyo mikono yake ikiishi ndani ya maji, na kumbe hakuwahi kujiuliza yametoka wapi na yamebeba nini. Makubwa haya, alinong'ona, na akarudi bafuni karibu kukimbia.

"Fundi, jiwe likishatoka, maji yanayobaki yanakuwaje?"

Fundi alisimama na spana yake mkononi, akafikiri. "Yanalainika, bibi. Si kabisa, lakini yanalainika."

"Basi," akasema Bi Pamba, na fundi akajikuta anaongea na ukuta.

Alibandika sufuria kubwa kuliko zote, akachemsha, akaacha yapoe na kutulia mpaka kesho yake. Asubuhi chini ya sufuria palikuwa na tope jeupe kama unga. Akachota ya juu kwa kikombe, polepole, kwa adabu ya mtu anayempita mtoto aliyelala, akayachuja kwa kitambaa hadi yakajaa beseni. Akaitia sare ya kijivu iliyobaki kapuni. Akapaka sabuni, kidogo safari hii, kama mtu anayeomba ruhusa.

Povu likaja. Lilianza pembeni, likapanda, likafunika nguo, likamfika viwikoni, nono na jepesi, na maji yaliyotoka kwenye kola yalikuwa ya kijivu kama moshi. Bi Pamba alifikicha huku machozi yakimtoka, na hakuweza kuyafuta.

Mkwe wake aliingia kutoka zamu ya usiku, akasimama mlangoni. Alikuwa na mfuko wa sare chafu mkononi, akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Usiufiche," Bi Pamba alimwambia. "Nilikwishajua zamani."

Nesi alitazama povu, akaitazama ile mikono, na uso ukamsawijika. "Nisamehe, mama. Nilidhani ni uzee. Nilidhani mikono yako imechoka."

"Hata mimi, mwanangu," Bi Pamba akasema. "Hata mimi."

Akatoa mkono mmoja kwenye povu, akaunyoosha apewe ule mfuko.