Sauti ya Adu na Majina Yaliyofutwa

Nilifika Malindi nikitokea Lodwar, safari iliyonichosha kuliko zote nilizowahi kufunga, na nimefunga nyingi. Lori la kwanza liliharibika kabla hatujafika Kapenguria. Nililala juu ya magunia ya samaki wakavu, nikaingia Kitale nikinuka hivi kwamba mwenye nyumba ya wageni alinitaka nioge kwanza ndipo anipe ufunguo wa chumba. Kutoka Kitale nikachukua basi hadi Nairobi, kisha gari moshi hadi Mombasa, halafu basi jingine lililopita Mtwapa na Kilifi, likaandamana na msitu hata nikadhani hautakwisha.

Kuhama si jambo geni kwangu. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali nikazeeka. Kila mji nimeuacha kwa hamu ya kuuacha, na nikishafika kwingine naanza kuulilia: Taveta kwa ndizi zake, Busia kwa mvua za alasiri, Lodwar kwa ule upepo wa jioni unaomwonea mtu huruma baada ya jua la kutwa. Lakini safari ya Malindi ilikuwa tofauti, maana niliitwa.

Huko Lodwar nilikuwa nikitengeneza simu na kompyuta kibandani, na saa nilizokosa wateja nilisaidia kuunda programu huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaweza kuona jinsi ilivyoundwa, kuinakili na kuirekebisha. Ilikuwa programu ya simu ya kumsomea mkulima utabiri wa mvua kwa Kigiriama, kwa sauti, hata kama hajui kusoma. Kiongozi wa mradi, mzaliwa wa Malindi mwenye maneno matamu, aliniandikia: njoo ndugu yangu, tuna chumba, tuna mtandao, tunakuhitaji. Nikaenda.

Kazi yetu ilikuwa na desturi moja niliyoipenda. Mtu akibadilisha kitu katika programu, hata herufi moja, badiliko lile huwekwa kwenye hifadhi ya mradi pamoja na ujumbe mfupi: nini kimebadilishwa, kwa nini, na nani kafanya. Kama ulisaidiwa, chini ya ujumbe unaongeza mstari wa kumtaja aliyekusaidia. Mstari ule hauna malipo, ila unabaki pale miaka na miaka, na yeyote duniani akifungua anauona. Kwa mtu kama mimi, ambaye hakuna mtaa unaomkumbuka, mistari ile ndiyo iliyokuwa anwani yangu.

Sauti ya programu tuliipata kijijini Adu, kwa bibi mmoja mjane mwenye shamba la mahindi na kunde. Nilimwita Hawe, ndivyo Wagiriama wamwitavyo bibi. Tulirekodi chumbani kwake, magodoro tumeyaegemeza ukutani ili mwangwi usituingilie, na jirani kaombwa awafukuze kuku. Alikuwa na sauti nzito kidogo, isiyo na haraka. Neno la mvua ya kupandia alilisema akitabasamu, na ukisikiliza vizuri tabasamu lenyewe lasikika.

Kabla hajaanza aliniuliza kama atatajwa. Kwao, alinieleza, majirani wakija kumlimia mtu shamba, mwenye shamba husimama kabla chakula hakijapakuliwa, akawataja mmoja mmoja wote walioshika jembe. Usipotajwa ni kama hukuja. Alitaka atajwe yeye na mke mwenzake aliyekwisha kufariki, kwa sababu maneno mengi ya mvua aliyapata kwake. Nikamwahidi. Na kila badiliko lililobeba sauti yake niliandika chini yake mistari miwili, jina lake na jina la marehemu.

Uzinduzi ulifanywa Kilifi, katika ukumbi wa hoteli. Wafadhili walikuja, na wakubwa wa ofisi mbalimbali. Hawe aliletwa kwa gari, kavaa leso mpya ambazo bado zilikuwa ngumu kwa kutofuliwa, nikaketi naye. Kiongozi akabonyeza simu, sauti ya Hawe ikajaa ukumbi mzima ikitangaza mvua ya kesho, watu wakapiga makofi. Kiongozi akawashukuru wafadhili. Akamshukuru mkewe. Akaeleza jinsi alivyojinyima usingizi akiunda programu ile, na kwamba sauti tuliyoisikia ilitayarishwa kitaalamu.

Hawe akanigeukia. “Huyo anayesema si mimi?”

“Ni wewe, Hawe.”

“Basi mbona anamtaja mkewe?”

Nilimtafutia soda, akaikataa.

Jioni ile ile nilifungua hifadhi ya mradi. Mabadiliko yetu yote hayakuwapo. Kazi ya zaidi ya mwaka ilikuwa imekunjwa ikawa badiliko moja tu, lenye jina moja, jina la kiongozi, na ujumbe wa maneno matatu: Toleo la kwanza. Jina la Hawe halikuwapo, wala la marehemu, wala langu. Nilihisi kama nimerudi nyumbani nikakuta mtu anaishi humo na watoto wangu wanamwita baba.

Kesho yake nilimkuta kiongozi ofisini Malindi, mchangamfu. Nikamuuliza majina yamekwenda wapi.

“Historia ilikuwa chafu, ndugu yangu. Nimeisafisha. Wafadhili wakifungua wasomee mahali pamoja.”

“Na Hawe?”

“Yule bibi? Kaandika mstari gani wa programu, niambie. Kasema maneno, tukampa unga na sukari.” Akacheka. “Na wewe usinune. Wewe ni mtu wa kuja, kesho utakuwa zako kwingine. Jina lako hapa litamfaa nani?”

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Nilimjibu kwamba amesema kweli, nikarudi kwenye meza yangu. Toka hapo nilimchekea kila asubuhi.

Alikuwa amefanya kosa ambalo mtu anayeshinda kutwa kwenye kazi yenyewe hawezi kulifanya. Alifuta historia katika hifadhi iliyoko mtandaoni akadhani imekufa. Akasahau kwamba kila aliyewahi kufanya kazi ile ana nakala katika kompyuta yake, na nakala ile ina historia nzima, kila badiliko na kila mstari wa shukrani, tangu siku ya kwanza. Yangu nilikuwa nayo. Ruhusa ya kuandika katika hifadhi nilikuwa nayo pia, maana kazi za kuchosha zote alikuwa amenirushia mimi.

Sikufanya haraka. Nilingoja asubuhi ambayo alikuwa na kikao na wafadhili kwa njia ya mtandao, kikao cha kuwapitisha kwenye kazi hatua kwa hatua. Nusu saa kabla, nikarudisha historia yote kama ilivyokuwa. Juu yake nikaweka badiliko moja langu, lenye ujumbe: Kurudisha majina ya waliofanya kazi. Nikamtaja Hawe. Nikamtaja marehemu. Nikawataja wengine waliosaidia kutoka miji ambayo sitawahi kufika. Na chini kabisa nikaandika kwamba majina haya yalikuwa yamefutwa na kiongozi wa mradi, nikaweka jina lake, la baba yake na la babu yake, asije akasingiziwa mwingine.

Kisha nikaenda mkahawani nikaagiza chai ya tangawizi. Kiongozi alipoanza kunipigia, niliiweka simu mezani nikaitazama. Kila ilipolia niliagiza mahamri mengine. Sijawahi kula mahamri matamu vile, na sitaki kujisingizia kwamba nilimwonea huruma. Nilipopokea, sauti yake ilikuwa imeisha utamu wote.

“Unaniua, ndugu yangu. Majina yaache, yakae. Toa ule mstari mmoja tu, ule wa mwisho. Nikiugusa mimi wafadhili wataona.”

Nikamwambia historia ni safi sasa, nikakata.

Siku iliyofuata nilikwenda Adu. Hawe alikuwa akipukuchua mahindi, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia bila kunitazama. Nikafungua laptopu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamsomea ujumbe wote polepole. Nilipofika kwenye jina lake aliacha mahindi. Nilipolisoma la mke mwenzake alinitaka nilirudie, nikalirudia. Ndipo nikamsomea mstari wa kiongozi, nikitarajia acheke.

“Huyo alilima?” akauliza.

“Hakulima, Hawe.”

“Sasa mbona umemtaja?”

“Nimemtaja kwa ubaya.”

“Umemtaja. Umemketisha sinia moja na mimi na marehemu.” Akarudi kwenye mahindi yake. “Mwondoe. Akae nje na njaa yake.”

Nilikuwa nikijiona mtu mwenye kinyongo. Pale nikajua mimi bado ni mwanafunzi. Kabla sijaondoka kwake niliandika upya ujumbe ule wangu, nikautoa mstari wa mwisho. Watu kadhaa walikuwa wamekwisha kuinakili hifadhi ukiwa bado umo, na nakala zao siwezi kuzigusa. Wala sijajaribu.

Baada ya hapo Malindi haikuwa na kazi nami tena. Asubuhi ya kuondoka, begi likiwa begani, nilipitia ofisini kurudisha ufunguo. Kiongozi alikuwa peke yake mbele ya kompyuta. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kuutoa mstari ule, akasema alijua mimi ni mtu mzima.

“Usinishukuru mimi,” nikamwambia. “Ni Hawe aliyesema utolewe.”

Akashusha pumzi, akamwombea bibi maisha marefu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, mbona sasa jina lake halionekani karibu popote.

“Lipo. Tafuta mwanzo kabisa, siku uliyofungua mradi.”

“Hilo nimeliona. Mengine?”

“Tafuta ulipofanya kazi.”

Alirudi akaketi, akaanza kushuka na orodha ya mabadiliko, jina la Hawe likipita machoni pake, tena na tena. Niliweka ufunguo mezani. Basi la Garsen lilikuwa limekwisha kuwasha injini.