Chai Niliyowapikia Wakwe

Tangu Jumapili ninapita nyuma ya nyumba za watu hapa kambini Mantapala, sitaki mutu anione. Wakwe walikuja kumuposa binti yangu Mauwa. Baba ya kijana ana ugonjwa wa sukari, basi nikajisifu: "Baba, kunywa bila woga. Stevia hii, majani matamu ya kuweka pahali pa sukari, nilipanda mwenyewe, nikakausha majani, nikasaga."

Kumbe unga ule niliuweka katika kopo la maziwa, na delele kavu ya kusaga, ile mboga ya kuteleza, katika kopo lingine sawasawa nalo. Vyote ni vya kijani. Kwa kiherehere nikachota, nikakoroga, nikampa.

Baba akainua kijiko. Chai ikakifuata, ikavutika kama kamba. Mauwa akajifunika uso na kitenge.

"Mama," baba akaniuliza polepole, "ii ni chai ao ni delele?"